Damu Nzito

Chumba chetu cha majaribio kilikuwa stoo ya saruji,
Mikindani, nyuma ya kiwanda cha magodoro.
Vumbi la kijivu tukilifuta asubuhi,
adhuhuri limerudi.
Mezani: mizani ya sonara, ya mkopo,
bomba la sindano lisilo na sindano,
na simu ya Mghoi, yenye ufa kiooni, ndiyo saa yetu.

Nasukuma mililita tano. Nahesabu.
Sekunde nne, maji yamezama.
Naweka karatasi juu, juu ya karatasi jiwe la kilo,
naiinua: kavu,
kama ulimi wa aliyefunga, saa tisa alasiri.
Umazi akapiga kigelegele
hata bawabu akaja kuuliza ni harusi ya nani.

Tukazifunga nane nane, tukaziuza.

Wiki ya pili simu ikalia.
Mwatime, wa maghala ya chai, Shimanzi;
husimama tangu saa moja hadi magharibi,
huchutama, hunyanyua, hugeuka.
"Nyinyi," akasema, "mliijaribu kwa nini?"
"Kwa maji."
Akacheka kicheko cha puani.
"Kwani hamkulelewa na wazee?
Hamkuambiwa ni nini kizito kuliko maji?"

Maneno hayo nimeyasikia tangu utotoni,
penye mirathi, penye ugomvi wa mashangazi.
Sikudhani siku moja yatanijia kama kipimo,
yanidai namba.

Nikaenda Marikiti, nikanunua rangi nyekundu ya biriani
na unga wa wanga; glisirini nikaipata kwa mfamasia
aliyeniuliza napika nini.
Nikakoroga mpaka ikawa inateleza kijikoni polepole,
kama inayoijua njia.
Mililita tano. Nahesabu.
Sekunde thelathini na moja, na dimbwi bado liko juu,
linanikodolea macho.

Pamba tukaichanganya na nyuzi za katani
zilizochemshwa siku nzima hadi zikaacha ukaidi.
Joto la Februari likalegeza gundi, mabawa yakabanduka;
tukabadilisha gundi.
Afisa aliyekuja kutukagua alijaza kurasa tatu
bila kuitaja bidhaa. Kila mahali aliandika: kitu hicho.

Lakini ya Mwatime bado ilijikunja katikati,
ikawa kamba, ikamwaibisha pembeni.
Nikarudi kwenye mchoro, nikaliona kosa:
mwanamke niliyemchora alikuwa amelala,
mikono ubavuni, hana kreti, hana zamu,
hana hata mtoto wa kumpakata.

Nikampelekea mama. Sikujua nitaanzaje;
kwetu jambo hili lina majina ya kuzunguka nyumba:
siku zile, wageni, sijambo-lakini.
Akavaa miwani. Akatwaa mkasi wake wa cherehani,
akaipasua sodo yangu kama anayepasua samaki,
akaipekua safu kwa safu, akavuta pamba kwa kucha.
"Hii hamkuipiga bandi."
Kisha, bila kunitazama, akanieleza yake ya ujana:
kipande cha leso kuukuu, kimekunjwa mara nane,
kimepitishwa uzi mistari mitatu kwa urefu
kisije kikatembea.
Alikianika chini ya shuka. Hakikupata kuliona jua.
Miaka arobaini, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa fundi Nyanje amechonga roli ya chuma
yenye mbavu tatu. Inapita juu ya pamba, inaibana,
inaacha mifereji mitatu, myembamba, kama bandi.
Mara mbili kwa siku inakwama,
naye huipiga teke mahali anapopajua.

Mwatime nikampelekea pakiti sita, hazina hata chapa.
Nikangoja siku ishirini na nane, na tatu juu.
Ujumbe ukaingia usiku, neno moja:

"Nilisahau."

Nikadhani amesahau kuzijaribu.
Nikashika simu nimgombeze, kidole tayari kwenye namba,
ndipo nikaelewa,
nikaketi chini, pale pale, kwenye vumbi la saruji.